Alamu ya gari kulia ovyo, kuzima gari njiani, kumaliza betri: pima kwanza, boksi ni la mwisho

FundiWaya

Wakuu, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu naumia nikiona watu wanavyopoteza hela. Gari linalia usiku, mwenyewe anakwenda dukani, anauziwa alamu mpya, inaungwa kwenye nyaya zilezile za zamani, mwezi haujaisha linalia tena. Mwingine anachoka anang'oa fyuzi, gari linalala bila ulinzi mpaka asubuhi moja anakuta vioo vya pembeni vimeondoka.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Dar. Ninayoeleza hapa yanahusu alamu zinazofungwa hukuhuku mtaani: boksi chini ya dashibodi, king'ora ndani ya boneti, rimoti ya vitufe vitatu au vinne. Ndizo zilizojaa kwenye IST, Vitz, Noah, Premio na kadhalika. Imobilaiza ya kiwandani, ile inayosoma chipu iliyo ndani ya ufunguo, ni mfumo mwingine, msichanganye. Alamu ya mtaani ikikata stata, ukizungusha ufunguo injini haizunguki kabisa. Imobilaiza ya kiwandani kwenye Toyota, stata inapiga vizuri ila injini haishiki, au inashika sekunde moja mbili inazima.

Boksi la alamu halijui kitu lenyewe. Linasikiliza nyaya za mlango, boneti, buti, sensa ya mtikisiko na swichi ya ufunguo. Likishasikia, linaamuru king'ora, indiketa, sentro loki na relei ya kukata, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Ili lifanye hayo linahitaji moto wa kudumu, yaani umeme wa betri usiokatika, kupitia fyuzi yake, na ethi safi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye negativu ya betri kupitia bodi ya gari. Likiletewa habari ya uongo na waya wa mlango, litalia, na hapo limefanya kazi yake sawasawa. Ndiyo maana ukibadilisha boksi ukaacha waya unaosema uongo, tatizo linahamia kwenye boksi jipya.

Vifaa havitishi. Mita ya kidijitali ya bei ya kawaida inatosha, bisibisi, spana ya 10 ya terminali za betri, na karatasi ya kuandika. Testa ya balbu itumieni kwenye fyuzi na king'ora tu. Balbu inavuta umeme mwingi, na waya unaoingia kwenye kompyuta ya gari haukutengenezwa kubeba mzigo huo. Nyaya zilizovikwa kava la njano chini ya dashibodi ni za eabegi: msizichune, msizipime, msizisogelee.

Anzeni na betri. Gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa, pimeni kwenye terminali. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ina kama robo tatu, 12.2 imebaki nusu, 12.0 iko hoi. Kisha mtu apige stata huku mnaangalia mita: ikishuka chini ya 9.6 betri imechoka au terminali ni chafu. Hili linahusu alamu moja kwa moja. Volti zikianguka sana wakati wa stata, boksi linazima na kuwaka upya, mengine yakiwaka yanarudi kwenye hali ya kujifunga. Unapiga stata, injini inaanza kuzunguka, ghafla inakata na king'ora kinaanza. Watu wengi wameuziwa alamu mpya kwa tatizo la betri.

Inafuata ethi. Waya mweusi wa boksi mara nyingi umebanwa kwenye boliti yoyote iliyokuwa karibu, juu ya rangi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye ule waya mweusi palepale unapoingia kwenye boksi, halafu funga alamu kwa rimoti ili indiketa ziwake. Ikisoma chini ya 0.1 ethi ni nzuri. Ikirukaruka kwenye nusu volti au zaidi kila indiketa zinapowaka, fungua ile boliti, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, rudisha ukaze, paka grisi juu. Dakika kumi, bila kununua kitu.

Rangi za nyaya msizitegemee. Kila kampuni ina rangi zake, na fundi aliyepita anaweza kuwa ameunga kwa waya wowote aliokuwa nao mfukoni. Pimeni, andikeni, ndipo mseme huu ni wa nini.

Swichi za mlango. Hapa ndipo penye kesi nyingi kuliko sehemu zote. Kwenye Toyota za kawaida swichi ni ile pini yenye kofia ya mpira kwenye nguzo ya mlango. Mlango ukifunguka, pini inatoka na kuunganisha waya na bodi, taa ya ndani inawaka, na boksi linaona ethi. Ifungueni mtazame. Kofia ya mpira imepasuka, ndani kuna unga wa kijani, springi imevaa kutu, na skrubu inayoishikilia imelegea kiasi kwamba swichi nzima inacheza kwenye tundu lake. Maji ya kuoshea gari yanaingia hapo, na kwa sisi wa pwani hewa yenyewe ina chumvi.

Kuipima: tafuta waya wa mlango unaoingia kwenye boksi, mita kwenye volti. Milango yote ikiwa imefungwa usome karibu na volti za betri. Fungua mlango mmoja mmoja, kila mara ushuke sifuri, ukifunga urudi juu mara moja. Ukisoma kitu cha katikati, mfano 6 au 8, huku milango imefungwa, kuna swichi inavujisha. Chomoa soketi ya swichi moja moja mpaka volti zipande. Utakayoichomoa zikapanda, hiyo ndiyo.

Ulizeni, nitajibu. Mkiuliza semeni gari gani, na semeni mlipima nini.

---

Dereva wa Noah

Fundi, asante kwa somo. Mimi Noah ya 2005. Mchana kutwa kimya, usiku wa manane kuelekea alfajiri ndio inalia, mara mbili tatu. Majirani wameshanichoka. Nimepima milango kama ulivyosema saa kumi jioni, volti 12.3 zote zimekaa sawa. Sasa ni nini?

---

FundiWaya

Mkuu, umepima vizuri, ila umepima wakati ambao gonjwa limelala. Alfajiri kuna umande na bodi imepoa. Swichi iliyo kavu saa kumi jioni inaweza kuwa imelowa saa kumi usiku. Rudia kipimo hicho muda ule linapolia, au jioni mwagia maji kidogo eneo la nguzo kama unaosha, funga, pima.

Niambie pia: taa ya ndani ni balbu ya kawaida au uliweka ya LED?

---

Dereva wa Noah

Niliweka LED zote za ndani, kama miezi mitatu iliyopita. Na kweli, usiku nikiangalia vizuri ile ya katikati inabaki na mwanga hafifu hata milango ikiwa imefungwa. Nilidhani ni kawaida yake.

---

FundiWaya

Hapo tumefika mahali pazuri, na wengine wasome.

Waya wa mlango unakaa kwenye volti 12 kwa sababu upande wa pili umeungwa na moto kupitia balbu ya taa ya ndani. Balbu ya nyuzi ina ukinzani wa omu chache tu, kwa hiyo inaushikilia waya juu kwa nguvu. Swichi ikivujisha kidogo kwa unyevu, tuseme njia ya omu elfu kumi kwenda kwenye bodi, balbu ya nyuzi haitikisiki, volti hazishuki hata kidogo cha kuonekana. LED haishikilii namna hiyo. Uvujaji uleule mdogo unatosha kuivuta volti chini, LED inawaka kwa mbali kama unavyoona, na boksi lenye hisia kali linasoma kwamba mlango umefunguliwa.

Kwa hiyo LED imefichua ugonjwa uliokuwepo. Rudisha balbu ya kawaida leo usiku ujaribu. Ikinyamaza, umethibitisha, lakini usiishie hapo: tafuta swichi inayovuja uibadilishe. Noah ina milango ya kuburuza, na swichi zake zinapata vumbi na maji mengi, anza na hizo. Mlango wa nyuma pia usiusahau, nyaya zake zinapita kwenye mpira unaojikunja kila ukifungua na kufunga. Vua mpira huo, vuta kila waya taratibu. Ukikuta mmoja unajinyoosha kama lastiki, shaba imekatika ndani, imebaki ganda.

---

Kijana wa Tandika

Kaka fundi, kabla sijafungua milango yote, hakuna njia ya kujua kama ni mlango au ile sensa? Mimi Vitz, linalia likipita lori au pikipiki yenye ekzosi ya kelele.

---

FundiWaya

Ipo, na kwako jibu karibu limeshajitaja. Sensa ya mtikisiko ni kile kikasha kidogo chenye waya nne na kinobu cha kuzungushia. Chomoa soketi yake, funga gari, lala. Kukiwa kimya, sensa ndiyo. Kukiendelea kulia, sensa haina hatia, nenda kwenye boneti na milango.

Kabla ya kununua nyingine, angalia imekaaje. Nyingi zinabandikwa kwa gundi ya pande mbili, jua la Dar likishaipika gundi inaachia na sensa inaning'inia kwa nyaya zake, ikigonga plastiki kila gari likitikisika. Ifunge kwa nguvu kwenye chuma cha dashibodi. Kisha punguza kinobu mpaka mwisho, ongeza kidogo kidogo huku unagonga kioo kwa kiganja. Ikubali pigo la mkono uliokusudia, isikubali kidole. Alamu nyingi zina hatua mbili: mtikisiko mdogo unatoa mlio mfupi wa onyo, mkubwa ndio unaanzisha king'ora chote. Kwa hiyo ukisikia mlio mfupi tu ujue ni sensa, kwa kuwa mlango hautoi onyo, unaanza na king'ora moja kwa moja.

Alamu nyingi pia zinakwambia zenyewe. Ukifungua kwa rimoti na ikalia mara nyingi kuliko kawaida yake, inasema ililia ukiwa haupo. Baadhi zina taa ndogo ya dashibodi inayowaka kwa idadi kuonyesha ni sehemu gani iliyoamsha. Kile kijitabu kilichokuja na alamu kitunzeni kwenye gari.

---

Mama Zuwena

Habari fundi. Mimi si mtu wa magari lakini nimesoma yote. IST yangu haina shida ya kulia. Tatizo nikisafiri siku tano nikirudi haiwaki, mpaka nitafute mtu wa kunistati kwa nyaya. Betri nimeshabadilisha mara mbili. Fundi mmoja kasema alamu inakula umeme nibadilishe yote. Mtoto wangu anasoma umeme chuo cha ufundi VETA, ana mita. Tupime nini?

---

FundiWaya

Shikamoo mama. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa hela.

Mnapima umeme unaotoka kwenye betri gari likiwa limelala. Mwambie kijana afuate hivi, asiruke hatua.

Boneti iwe wazi, na kama alamu ina pini ya boneti ibonyezwe ikazwe kwa kamba ili gari lidhani imefungwa. Redio, taa, vyote vizimwe, ufunguo utolewe. Mlango wa dereva uwe wazi lakini komeo lake lisukumwe kwa bisibisi mpaka lijifunge, na swichi ya nguzo ibonyezwe na kitu. Terminali ya negativu aifungue alamu ikiwa haijafungwa kwa rimoti, maana zipo zenye king'ora cha betri yake mwenyewe, kitaanza kulia mara tu umeme ukikatika.

Mita aweke kwenye ampea 10, waya mwekundu auhamishie kwenye tundu la ampea, hili ndilo watu wanasahau. Ncha moja kwenye terminali ya betri, nyingine kwenye kebo iliyotolewa. Umeme wote wa gari sasa unapita ndani ya mita. Asiwashe gari, asipige stata, asizungushe ufunguo, mita itaungua fyuzi papo hapo. Kisha afunge alamu kwa rimoti na asubiri kama nusu saa, kwa sababu kompyuta za gari hazilali mara moja.

Gari zima na alamu yake likisoma 0.05 kushuka chini, hakuna shida. Alamu peke yake kwa kawaida haizidi 0.03 hivi. Ikiwa juu zaidi, asiguse mita, aende kwenye fyuzi, achomoe moja moja huku wewe mama unasoma namba kwa sauti. Ile itakayoshusha namba ndiyo njia yenye mwizi.

Nileteeni namba.

---

Likoni Probox

Fundi, niko Mombasa. Probox yangu inazima tu yenyewe nikiingia kwenye mashimo. Nangoja dakika moja, napiga, inawaka kama hakuna kitu. Nimebadilisha pampu ya mafuta na plagi, bado. Mwenzangu kanambia ni alamu. Alamu inaweza kuzima gari likiwa barabarani kweli?

---

FundiWaya

Ndugu yangu, inaweza, na kwa hali uliyoieleza ningeanza hapo kabla ya pampu. Tena usiende nalo barabara kuu mpaka ulimalize. Injini ikizima ghafla usukani unakuwa mzito na breki inabakiwa na misukumo michache tu kabla haijawa ngumu.

Kinachokata gari ni relei ya miguu mitano. Miguu imeandikwa namba: 85 na 86 ni koili, yaani sumaku ya umeme inayovuta swichi ya ndani, 30 ni mlango wa kuingilia umeme, 87a ni pale umeme unapotokea relei ikiwa imelala, 87 unapotokea ikiwa imevuta. Fundi amekata waya wa stata, au wa pampu, au wa swichi ya kuwashia injini, akapitisha kati ya 30 na 87a. Alamu ikijifunga na mtu akizungusha ufunguo, relei inavuta, njia inakatika.

Kwako naona amekata pampu au swichi. Angekata stata, gari lisingezima likiwa linatembea, lingekataa tu kuwaka. Lala chini ya usukani, fuata nyaya nene zilizounganishwa kwa tepu nyeusi. Karibu kila mara utakuta zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, joto limeiyeyusha gundi, tepu inateleza, shaba imekuwa nyeusi. Kila shimo linatikisa maungio hayo.

Injini ikiwa inaunguruma, mita kwenye volti, ncha moja 30 na nyingine 87a. Mguso mzuri unasoma karibu na sifuri, 0.1 hivi. Ukiona 0.5 au zaidi, mguso wa ndani umeungua. Tikisa relei na nyaya huku unaangalia: namba ikiruka au injini ikikohoa, umempata. Kuthibitisha, toa relei na uunganishe 30 na 87a kwa waya wenye fyuzi, uendeshe taratibu mtaani kwenye mashimo yaleyale. Lisipozima, umemaliza utafutaji.

---

Likoni Probox

Nimevua kava la chini ya usukani sasa hivi. Relei ipo, plastiki yake upande mmoja imekuwa kahawia, na waya mmoja mnene ganda limekauka kama limechomwa. Nimetikisa, injini imezima hapohapo.

---

FundiWaya

Basi usitafute zaidi. Kata sehemu yote iliyoungua mpaka ufikie shaba nyekundu safi, unga kwa kuchomea risasi, zivishe nyaya mpira unaonywea kwa joto, funga nyaya kwenye chuma zisining'inie. Na ombi langu: hamisha kukata kutoka kwenye pampu au swichi upeleke kwenye waya wa stata.

---

Gereji ya Mzee

Vijana, mimi pia ni fundi wa miaka mingi, niko Mwanza. Hili la kuhamishia kwenye stata silikubali. Gari la manyuo, mwizi anasukuma, anaingiza gia ya pili, anaondoka. Ukikata pampu hafiki mbali. Wateja wangu nawakatia pampu na hawajawahi kulalamika.

---

FundiWaya

Shikamoo mzee wangu. Hoja ya gari la manyuo ni ya kweli, siipingi. Lakini wengi humu wana gari za otomatiki, IST na Vitz haziwaki kwa kusukumwa.

Ninachokitazama mimi ni mzigo. Waya wa stata unabeba umeme sekunde chache, gari likiwa limesimama. Waya wa pampu unabeba ampea kadhaa kila sekunde injini inapowaka, Dar mpaka Morogoro na kurudi, kupitia relei ya bei nafuu na maungio mawili. Kitu hicho kikifa, kinafia kwenye mwendo, pengine una lori nyuma yako. Anayetaka kukata pampu kwenye gari la manyuo, basi aweke relei ya ubora, achomee risasi, aifunge mahali pakavu, na aikague. Kwa familia yangu nakata stata.

---

Gereji ya Mzee

Marahaba. Kwa otomatiki nakuelewa. Kuchomea risasi hilo tuko pamoja, kusokota na tepu ndiko kunakotuharibia jina sote. Ongezea watu pia panya. Huku kwetu gari likilala karibu na stoo ya nafaka, nyaya za boneti ndizo zinaliwa kwanza, na pini ya boneti ya alamu iko hapohapo.

---

FundiWaya

Kweli kabisa mzee, na pini ya boneti ningeisema mapema. Ni kile kijipini kinachokaa pembeni ya injini, kinaoshwa kila gari likioshwa, kinashika kutu kikabaki chini au kikapinda. Kuijaribu: vua waya wake, uufunike kwa tepu usiguse bodi, funga gari usiku. Kukiwa kimya, nunua pini mpya. Wakati mnaosha injini, pini na king'ora vifunikeni kwa mfuko wa plastiki. King'ora mdomo wake uelekee chini, ukielekea juu kinakuwa kikombe cha maji.

---

Bibi Harusi 88

Mimi rimoti yangu inakubali nyumbani na kila mahali isipokuwa kwenye maegesho ya jengo ninalofanyia kazi. Pale mpaka niigusishe kwenye kioo cha gari. Betri ya rimoti nimebadilisha.

---

FundiWaya

Dada, rimoti inafanya kazi kwa masafa ya redio, nyingi 433.92 MHz, za Kijapani mara nyingi ni 315. Kukiwa na mtambo karibu unaorusha masafa hayo au ya jirani, sauti ya rimoti yako inamezwa. Kama inatokea pale tu, gari ni zima. Unaweza kuisaidia antena: ule waya mwembamba unaotoka kwenye boksi unyooshwe, usizungushwe kwenye nyaya nyingine wala kubanwa kwenye chuma. Kwa 433 urefu wake sahihi ni kama sentimita 17, kwa hiyo anayeukata kwa kuona unamsumbua anaua umbali wa rimoti. Tinti ya gari yenye chembe za chuma nayo inapunguza.

---

Mama Zuwena

Marahaba mwanangu. Kijana amepima leo asubuhi. Baada ya nusu saa mita ilisimama 0.19. Alipofungua alamu kwa rimoti ikashuka 0.03. Akafunga tena, 0.19. Tukachomoa fyuzi ya alamu ikashuka 0.02. Kwa hiyo yule fundi alikuwa sahihi, alamu ndiyo?

---

FundiWaya

Mama, nyie mmepima vizuri kuliko gereji nyingi. Hiyo hatua ya kufungua kwa rimoti mkaona namba inashuka ndiyo imesema kila kitu.

Boksi linakula kidogo tu, ile 0.03 imetosha gari zima pamoja nalo. Kinachoongezeka alamu ikifungwa ni 0.16. Koili ya relei ya volti 12 ina ukinzani wa kama omu 80. Gawanya 12.5 kwa 80, unapata 0.156. Relei yenu inavuta muda wote gari limefungwa, mchana na usiku. Kwa siku moja 0.19 mara saa 24 ni kama ampea-saa 4.6. Siku tano ni karibu 23, na betri ndogo ya IST ina kama 35 ikiwa mpya kabisa. Ndiyo maana haiwaki ukirudi safari.

Sababu ninayoitarajia: fundi aliyefunga ameunga moto wa koili, 85 au 86, kwenye moto wa kudumu wa betri. Ulitakiwa uungwe kwenye moto wa swichi, unaokuja ufunguo ukizungushwa tu. Ukiungwa hivyo, alamu inatoa ethi yake, lakini relei haivuti mpaka mtu ajaribu kuwasha gari. Ulinzi ni uleule, betri haiguswi.

Thibitisheni kabla ya kukata kitu. Fungeni gari kwa rimoti, subirini saa moja, kijana aguse relei kwa kidole. Ikiwa ya vuguvugu, inavuta. Kisha apime mguu wa koili wenye moto ufunguo ukiwa nje: ukisoma 12, umeungwa pasipotakiwa.

---

Mama Zuwena

Relei ni ya moto kweli, na ule mguu umesoma 12.4 ufunguo ukiwa mkononi mwangu. Mwanangu anauliza moto wa swichi ataupata wapi, na kama ni lazima ubaki na moto wakati stata inapiga.

---

FundiWaya

Swali la fundi hilo, mpe hongera. Ndiyo, lazima ubaki. Chini ya usukani kuna soketi ya swichi ya ufunguo yenye nyaya nene. Atafute ule unaosoma sifuri ufunguo ukiwa nje, 12 ukiwa kwenye ON, na unaoendelea kuwa na moto wakati stata inapiga. Akichukua wa redio, moto wake unakatika wakati wa stata, relei inaachia, na mwizi anawasha gari. Aweke fyuzi ya ampea 3 kwenye huo waya mpya, achomee risasi, ule wa zamani aufunge mwisho wake vizuri usiguse chuma. Akimaliza, ajaribu: alamu ikiwa imefungwa, azungushe ufunguo, stata isipige.

Betri pia ichajiwe kwa chaja usiku mzima kabla hamjaihukumu. Imezimishwa mara nyingi, na betri ya kawaida ya gari haipendi kushushwa hadi chini, lakini msinunue nyingine kabla ya kupima.

---

Mama Zuwena

Amemaliza. Alamu ikiwa imefungwa mita inasoma 0.03, stata haipigi gari likiwa limefungwa. Betri tumechaji, tumeiacha usiku wa kwanza, asubuhi 12.5.

---

FundiWaya

Safi sana mama. Ipimeni tena baada ya siku tano bila kuwasha. Ikiwa bado juu ya 12.4 betri imepona na hununui kitu. Ikishuka kwenye 12.1 huku mita inasoma 0.03 ileile, basi betri imeharibika ndani na hiyo tu ndiyo ya kubadilisha.

@Dereva wa Noah, vipi, ulirudisha balbu?

---

Dereva wa Noah

Nilirudisha, usiku wa juzi na jana kimya. Leo nimefungua swichi ya mlango wa kuburuza wa kushoto, maji yametoka ndani. Naenda kutafuta mpya.